Sanamu ya Uhuru, Kampala: Usiitazame Kutoka Dirishani mwa Gari

Yeyote aliyewahi kushika noti ya Uganda ya toleo la mwaka 2010 ameibeba sanamu hii mfukoni, kwa kuwa imechapwa kwenye uso wa noti zote za toleo hilo, kuanzia ya shilingi 1,000 hadi ya shilingi 50,000. Hata hivyo, katika jamaa zangu sita waliotoka Arua kunitembelea, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuiona yenyewe, nami nikaona si haki warejee nyumbani bila kufikishwa pale.

Tulikwenda kwa miguu kutoka kituo cha zamani cha teksi, na namshauri kila mwenye nguvu za kupanda mlima afanye hivyo. Wapangaji wa mji wa enzi ya ukoloni waliligawa eneo hili kwa rangi za watu: Wazungu walipewa makazi ya juu, kilimani Nakasero, wafanyabiashara wa Kiasia wakajenga maduka yao chini, na Waafrika wengi wakabaki nje ya mpaka wa mji uliopangwa, katika Kibuga, mji mkuu wa ufalme wa Buganda. Anayetoka kwenye msongamano wa chini, akavuka Barabara ya Kampala na kuanza kupanda, anaipitia historia hiyo kwa nyayo zake, na akifika kwenye sanamu anaelewa uzito wa kusimamishwa kwake upande ule wa juu.

Sanamu ipo kati ya Barabara ya Speke na Nile Avenue, jirani na bustani za hoteli ya Sheraton. Imejengwa kwa zege, na urefu wake unakaribia mita 6. Ni mama aliyezongwa na vitambaa, naye amemwinua mtoto aliyekwisha kufunguliwa, mikono ikielekea mbinguni. Nchi nyingi zilipopata uhuru zilisimamisha sanamu za viongozi wao. Hapa aliyechongwa hana jina, hana cheo wala bunduki. Shangazi yangu, ambaye amelea watoto wanane, aliizunguka mara mbili pasipo kusema neno, kisha akatuonyesha jinsi vitambaa vinavyombana mama hata baada ya mtoto kuwa huru. Miaka yote niliyopita pale sikuwahi kuliona hilo, na tangu siku ile siwezi kuitazama kwa jicho la zamani.

Aliyeichonga ni Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, aliyesomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell na baadaye akawa mwalimu huko huko. Kazi yake ilikuwa ya kuadhimisha uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, miaka 100 na miezi michache tangu Speke, mpelelezi Mwingereza ambaye barabara ile inaitwa kwa jina lake, afike kwenye chanzo cha Nile. Nasisitiza jina la Maloba kwa sababu ya jambo lililonisikitisha. Mwaka jana nililipia ziara ya mji kwa kampuni moja ya utalii, na mwongozaji wetu, bila kutushusha garini, alituambia kuwa sanamu hiyo ilichongwa Ulaya ikaletwa kwa meli. Wageni waliandika maneno hayo katika madaftari yao, na nilipomsahihisha alijibu kwamba muda umekwisha. Kwa hiyo, kabla ya kulipia ziara yoyote, ulizeni kama mtashuka na mtakaa pale kwa muda gani.

Hatukudaiwa kiingilio, na nusu saa ilitosha kwa kuzunguka, kupiga picha na kuzungumza. Wapiga picha wa mtaani hupatikana. Patana nao bei kwanza. Upungufu mkubwa ni mazingira: kelele za magari na bodaboda humlazimu mtu kupaza sauti ili asikike, na majengo marefu yaliyoota pande zote yameifanya sanamu ionekane ndogo kwa anayeitazama kutoka mbali. Jumapili asubuhi barabara huwa na utulivu zaidi, na ndiyo siku ninayopendekeza kwa wenye watoto au wazee. Chukueni pia noti moja mkononi. Wapwa zangu walilinganisha mchoro na sanamu kwa muda mrefu, wakibishana kuhusu mikono ya mtoto, hadi tukalazimika kuwavuta tuondoke.