Siku moja kwenye Mfereji wa Erie: tathmini ya safari ya Lockport

Tulikuwa wanne, sote wakazi wa Buffalo, tukamlipa mwongoza watalii wa kujitegemea atupeleke mji wa Lockport kuuona Mfereji wa Erie, njia ya maji iliyochimbwa katika jimbo la New York kuunganisha Ziwa Erie na Mto Hudson. Kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi Marekani changa ilivyofungamana na kusonga magharibi, ninaipendekeza safari hii kwa moyo wote.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya majini. Mashua huingia kwenye chumba chembamba chenye kuta ndefu zilizolowa na kuota ukungu wa kijani, lango likafungwa nyuma yake, kisha maji yakaanza kujaa taratibu bila pampu yoyote, kwa kuwa yanateremka yenyewe kutoka upande wa juu, mpaka macho ya abiria yakalingana na viatu vya watu waliosimama ukingoni. Vyumba viwili vinavyotumika sasa huipandisha mashua karibu futi 50. Pembeni yake ipo bado ngazi ya kale ya vyumba vitano, iliyojengwa ili matishari yalipande genge lilelile ambalo maporomoko ya Niagara hushukia.

Mwongozaji wetu aliijua historia yake vizuri. Alianzia mwaka 1784, George Washington alipoandika kwamba walowezi wa ng'ambo ya milima ya Appalachia wangeweza kugeuzwa upande wowote kwa mguso wa unyoya tu, kwani mazao yao yalifuata mito hadi New Orleans, iliyokuwa mikononi mwa Hispania. Akaeleza kwamba Machi 1817 Rais James Madison aliukataa muswada wa kugharamia barabara na mifereji kwa fedha za serikali kuu, akishikilia kwamba Katiba haikulipa Bunge mamlaka hayo, na kwamba jimbo la New York, chini ya Gavana DeWitt Clinton, likaanza kuchimba lenyewe tarehe 4 Julai mwaka huohuo. Kufikia mwaka 1825 maili 363 zilikuwa tayari, ingawa kina cha maji kilikuwa futi 4 tu. Gharama ya kusafirisha tani moja kati ya Buffalo na New York, iliyokuwa takriban dola 100, ilishuka chini ya dola 10. Ngano ikateremka mashariki, na familia za walowezi zikapanda kuelekea Ohio na Michigan. Mimi naona hapo ndipo magharibi ilipofungamana na majimbo ya Kaskazini, huku yale ya Kusini yakibaki na soko lao la pamba, na ningependa angelikaza jambo hilo zaidi.

Kasoro kubwa ni moja. Mfereji ulipita katika ardhi ya Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji asilia, na mwaka 1838 Mkataba wa Buffalo Creek ulikusudia kuwahamishia Waseneka, mojawapo ya mataifa hayo, huko Kansas, lakini kuhusu watu hao hatukusikia neno mpaka nilipouliza, na jibu likawa sentensi moja tukiwa tayari tunashuka. Simulizi ya upanuzi isiyowataja waliopokonywa ardhi ina pengo ambalo umahiri mwingine hauwezi kuliziba. Nimemwandikia mwongozaji kumwomba aongeze habari zao. Atakayesafiri naye aliulize jambo hilo asubuhi, mkiwa bado garini, kwa sababu ndani ya vyumba vya maji kelele ni nyingi na muda ni mfupi.