Mvinyo melini: kifurushi au kwa glasi?

Hapa Malindi, kwa jinsi Wataliano walivyotuzoesha, chupa ya mvinyo mezani si jambo la kushangaza. Kwenye meli ya kitalii hesabu ni nyingine.

Kifurushi cha vinywaji, yaani bei moja unywe bila kulipia kila glasi, hulipiwa kila siku ya safari. Tuseme ni dola 70. Ongeza ada ya huduma ya asilimia 18, inafika 82.60. Glasi ya dola 12, kwa ada hiyohiyo, ni 14.16. Yaani mpaka ufike glasi ya sita ndipo kifurushi kikulipe, hata siku ambayo meli imetia nanga nawe umeshinda nchi kavu ukinywa madafu! Tena kampuni nyingi hudai watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue. Mke wangu hagusi pombe. Nimlipie soda kwa bei ya mvinyo?

Anayekunywa glasi mbili za chakula cha jioni alipe kwa glasi, au anunue chupa: mililita 750 ni glasi tano. Kampuni kadhaa huruhusu kupanda na chupa yako siku ya kwanza, ila ukiinywea mkahawani utatozwa ada ya kuifungua.

Kifurushi nawaachia wanaoanza kokteli asubuhi.