TAHADHARI: Kabari za trela zinazouzwa kama mpira mzito, ndani ni ganda tupu

Ndugu zangu wenye matrela ya kambi, someni hii kabla hamjaagiza kabari za magurudumu mtandaoni. Nimetapeliwa, na pesa niliyopoteza ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Trela langu la kilo 1,400 lilishuka mteremko lenyewe huku mtoto wa dada yangu akiwa amesimama nyuma yake. Mtoto ni mzima. Nimeona niliseme hilo mapema ili msisome kwa roho mkononi.

Kabari zangu za zamani zilikuwa vipande vya mbao nilivyochonga mwenyewe, nikavisahau safarini. Nikaingia mtandaoni kutafuta mpya. Tangazo nililolikuta lilikuwa limepangwa vizuri sana: jozi ya kabari nyeusi zenye kamba ya njano ya kuvutia, maelezo yanasema ni mpira mzito usio na uwazi ndani, kila moja "inahimili tani 5", kimo sentimita 20. Picha ya kwanza inaonyesha tairi la lori limeegemea kabari ile ile. Nyota karibu tano, maoni ya wateja mamia. Bei nayo haikuwa ya kutupa, ilikuwa chini kidogo tu ya wengine, kwa hiyo sikushtuka.

Mzigo ulipofika niliuinua kwa vidole viwili. Kabari mbili za mpira halisi wa ukubwa ule huzinyanyui hivyo. Mkono wangu uliona tatizo siku ile ile, ila mimi nikayaamini maandishi ya kwenye boksi. Nikazitupia kwenye sanduku la vifaa bila hata kuzipindua kuangalia chini.

Tulifika kambini jua linazama. Eneo letu lilikuwa na mteremko ule ambao ukisimama huuhisi, ila ukilaza chupa chini inaviringika. Nikavuta breki ya gari, nikashuka, nikaweka kabari moja nyuma ya tairi la kushoto na nyingine nyuma ya la kulia, upande wa kushukia, nikazigonga kwa kisigino mpaka zikabana. Nikashusha jeki ya mbele, nikaizungusha mpaka shingo ya trela ikaachia kwenye gari. Sekunde tatu, nne, kimya. Halafu nikasikia mlio kama mtu amekanyaga kikombe cha plastiki.

Kabari ya kushoto ilikuwa imebonyea katikati kisha ikapasuka, na tairi likaipanda. Ya kulia haikupasuka. Yenyewe iliteleza juu ya changarawe, ikisukumwa na tairi kama ndara inayoburutwa. Shingo ya trela ikaanza kuniondokea mikononi taratibu, mwendo ambao unadhani unaweza kuuzuia. Nikashika kwa nguvu zangu zote, trela likanivuta kama vile sipo. Mtoto alikuwa ameinama nyuma anafungua mkanda wa baiskeli yake. Nilipopiga kelele aliinua kichwa, akaruka pembeni. Trela lilikwenda karibu mita tatu, kona yake ya nyuma ikagonga mti, likasimama. Baiskeli ilibaki katikati ya mti na trela, fremu imekunjwa kama waya wa kuanikia nguo.

Najua mtakachouliza: na breki ya mkono ya trela? Niliivuta, lakini vibaya, na hili nalisema wazi ili mwingine asilirudie. Trela langu lina breki zile zinazokaza zenyewe gari linapopunguza mwendo na trela likasukuma kwa mbele. Breki za aina hii nyingi zina utaratibu wa kujiachia trela linaporudi nyuma, ili dereva aweze kurudisha gari bila breki kushika. Matokeo yake, trela likianza kuteleza kinyumenyume, breki ya mkono inaachia kwanza, na inakuja kushika upya baada ya magurudumu kuzunguka kidogo, tena kwa sharti kwamba mpini umevutwa mpaka mwisho ili springi yake iendelee kukaza. Wangu ulikuwa mgumu, nikauvuta meno machache nikaona inatosha. Kabari ndiyo ilitakiwa kuziba pengo hilo. Ndiyo maana nimeandika kwa uchungu: watu wengi wana kosa dogo kama langu kila safari, na kabari nzuri huwaokoa bila wao kujua.

Kesho yake nilipima mteremko kwa ubao wa mita moja na pima maji. Ulikuwa unashuka sentimita 6 kwa kila mita. Kwa trela la kilo 1,400 hiyo ni nguvu ya kilo 84 hivi inayosukuma kuelekea chini, sawa na mtu mzima aliyeegemea kwa uzito wake wote na asiyechoka usiku kucha. Hizo kilo 84 kabari yoyote ya kweli inazihimili. Tatizo linakuja tairi linapoanza kuipanda kabari, maana hapo sehemu ya uzito wa trela lenyewe, mamia ya kilo, inahamia juu yake.

Nyumbani nilizikata zote mbili kwa msumeno wa chuma. Ganda la plastiki la unene wa milimita 2, juu limevikwa ngozi ya mpira nyembamba kama ya puto la watoto. Ndani, mbavu tatu za plastiki, na kwenye ile iliyopasuka mbili zilikuwa zimevunjika pale zilipoungana na ganda. Chini, mahali palipotakiwa kuwa na meno au mpira wa kushika ardhi, pamebandikwa kipande cha povu, na povu hilo lilikuwa limeshachubuka kwa mara moja tu ya kutumika. Kimo nilichopima ni sentimita 11. Zile 20 za kwenye tangazo ni urefu wa kwenda mbele, kutoka ncha mpaka mgongo. Kipimo ambacho madereva wengi hutumia ni kwamba kabari iwe na kimo cha angalau robo ya kimo cha tairi. Tairi langu lina sentimita 64, kwa hiyo nilihitaji 16. Hata zingekuwa za mpira halisi, zilikuwa fupi. Na hiyo "tani 5" iliyonipumbaza haina maana yoyote ikiandikwa hivyo peke yake, kwa sababu kabari haibebi trela kama jeki. Inachotakiwa ni isipandwe, isiteleze, isipasuke.

Sasa huyo muuzaji. Nilimwandikia siku ile ile nikiwa na picha. Jibu la kwanza lilikuwa la upole: poleni sana, tuma video. Nikatuma. Jibu la pili: umezitumia vibaya, hizi ni za kwenye sakafu ya gereji. Tangazo lenyewe lilikuwa na picha ya trela porini. Nilipomwonyesha picha hiyo, akasema nirudishe mzigo kwa gharama yangu, na gharama ya kuurudisha ilizidi bei ya kabari zenyewe. Nikaandika maoni ya nyota moja nikaweka picha za kabari zilizokatwa. Ndani ya saa chache akarudi akiwa mtu mwingine kabisa: atanirudishia nusu ya pesa nikifuta maoni. Nikakataa. Siku mbili baadaye akanifungia, ujumbe haufiki tena, na wiki iliyofuata duka halipo.

Ndipo nilipokaa nikasoma yale maoni mamia, kazi niliyotakiwa kuifanya kabla ya kulipa. Ya karibuni yalikuwa mafupi yanayofanana: "nzuri", "imefika haraka". Nilipoteremka hadi ya zamani nikakuta mtu anasifu mwanga wake, mwingine anasema waya ni mfupi. Yalikuwa maoni ya taa ya mezani. Ukurasa wa taa iliyopendwa ulibadilishwa jina na picha, nyota zake zikabaki kwenye kabari. Mchezo wa kuhamisha nyota unajulikana: mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiadhibu kampuni moja kwa kuziunganisha bidhaa mpya na kurasa za bidhaa zilizokwisha kupendwa ili zivae sifa zisizo zake. Kwa hiyo usiishie kwenye idadi ya nyota. Shuka mpaka maoni ya zamani kabisa uone watu wanazungumzia kitu gani.

Pesa nilizipata, na si kwa huruma yake. Nilikuwa nimelipa kwa kadi ndani ya mfumo wa lile soko la mtandaoni nilikonunua, nikafungua malalamiko benki nikiambatanisha tangazo nililolipiga picha ya skrini, vipimo kwa rula, na yale mazungumzo ya kunihonga nifute maoni. Yule muuzaji aliwahi kuniambia mwanzoni kwamba nikimlipa moja kwa moja nje ya mfumo angenipunguzia. Ningekubali, nisingekuwa na pa kushika. Na piga picha ya tangazo siku unayonunua, kwa sababu siku ya ugomvi halitakuwepo.

Kabari zikikufikia, zipindue kwanza. Ukiona uwazi wenye mbavu chache nyembamba, au kibandiko cha povu, zirudishe kabla hujazitumia. Simama juu ya moja kwa mguu mmoja, uzito wako wote kwenye kisigino, karibu na ncha. Ikibonyea kwa uzito wa mtu, tairi litaifanyia nini? Plastiki si mbaya kwa kila hali, kuna za plastiki nene zenye mbavu za karibu karibu zinazofanya kazi, ila jua linaikausha na kuipasua, kwa hiyo zikaguliwe kila msimu. Kipande cha mbao ngumu kilichokatwa mshazari, chenye kimo cha kutosha, kinashinda takataka hizi mara kumi. Nimerudi kwenye mbao.

Muuzaji huyo huyo alikuwa anauza pia kile chuma cha kubana katikati ya matairi mawili, kwa wenye trela la ekseli mbili, akisema ukikiweka huhitaji kabari. Msikubali. Kile kinapunguza trela kutikisika mtu akitembea ndani. Matairi yakipoa usiku hewa yake inasinyaa, nafasi katikati inaongezeka, na chuma kinalegea. Kinawekwa pamoja na kabari. Miguu ya pembeni nayo ni ya kutuliza mtikisiko tu. Trela likianza kwenda inapinda kama mabua. Na wenye breki za umeme, ile swichi ya dharura inayovutwa na waya trela likikatika njiani si breki ya maegesho. Inakula betri, na betri ikiisha breki inaachia.

Mpangilio ninaoufuata sasa, na sitauruka hata mvua ikinyesha: kabari kwanza, trela bado limefungwa kwenye gari, kwa sababu mpaka hapo kinacholishikilia ni breki ya gari. Kabari pande zote mbili za trela, mbele na nyuma ya tairi, zikigusa mpira wa tairi bila pengo. Kisha naachia breki ya gari polepole, mguu ukiwa tayari juu ya pedali, trela lizikalie kabari vizuri, navuta breki tena na kuzitazama. Kama moja imesogea, narudia. Breki ya mkono ya trela mpaka mwisho wa mpini. Baada ya hapo ndipo shingo inafunguliwa, na hakuna binadamu anayesimama nyuma wala mbele ya trela wakati huo, hata kwa dakika moja. Kwenye changarawe au udongo laini nachimba kidogo ili kabari ikae ndani ya ardhi badala ya juu yake.

Wanaolaza trela miezi mingi wawe waangalifu zaidi kuliko mimi. Breki ya mkono ikikazwa muda mrefu kwenye unyevu, viatu vya breki, vile vinavyobana gurudumu kwa ndani, hugandana na ngoma yake, kwa hiyo wengi huiachia, na trela zima linabaki mikononi mwa kabari peke yake. Hapo kabari ya ganda ni hatari inayosubiri siku yake.

Duka jipya limeshafunguliwa, jina lingine, picha zile zile. Mtazitambua: kwenye picha ya pili kuna mkono wenye glavu ya kijivu umeshika kamba ya njano, na kidole gumba cha glavu hiyo kimetoboka. Nimeripoti kwa wenye soko, na mimi nikiwa mmoja sidhani itatosha. Ukiiona, ripoti na wewe.

Na kama trela lako limesimama sasa hivi juu ya kabari zinazofanana na hizi, usizichomoe. Weka kwanza mbao au mawe makubwa upande wa kushukia, yabane kabisa kwenye tairi lenyewe, ukifanya kazi hiyo kutoka ubavuni na si nyuma ya trela. Yakishashika ndipo uzitoe za zamani, moja moja, kwa kuvuta kamba ukiwa umesimama pembeni.