Kulala chumba kimoja na mtoto mdogo hotelini Mombasa: uzoefu wangu

Kama una mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu na unapanga likizo Mombasa, usianze kwa kuangalia picha za bwawa la kuogelea. Uliza kwanza mlango wa chumba unafungukia wapi. Hilo ndilo lililofanya hoteli moja, yenye wahudumu walewale, nitake kuihama usiku wa kwanza, kisha nisitake kuondoka siku ya mwisho.

Hoteli yenyewe iko pwani ya kaskazini, upande wa Bamburi. Si ya kifahari, wala si mbovu. Ina bustani kubwa, minazi, na ufuo mbele. Tulikuwa watatu: mimi, baba yake, na kijana wetu wa mwaka mmoja na miezi minane, umri ambao miguu imeshajua kukimbia na akili haijajua kuogopa. Tulikwenda Agosti, wakati wa kusi, kwa sababu joto la kaskazi la Januari na Februari lingemtoa vipele mwili mzima. Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Nairobi, ile inayosimama njiani, Mtito Andei, Voi na kwingineko, na kila kituo kilikuwa sherehe kwake. Kazi ilianza Miritini, treni inapoishia: kuvuka Makupa kuingia kisiwani, kupenya foleni za mjini, kutokea tena kwa daraja la Nyali. Tulipofika alikuwa amelala begani, mate yananitiririka shingoni.

Tulipewa chumba cha ghorofa ya pili chenye kuangalia bahari. Tulikilipia zaidi kwa ajili hiyo. Kilikuwa kisafi, kitanda kikubwa, neti nyeupe, na roshani ambayo kwenye picha ilikuwa imetuvutia sana. Nilipotoka kuiangalia, nilichukua kopo la maziwa ya mtoto nikalipitisha kati ya vyuma vya kizuizi. Lilipita bila kugusa upande wowote. Tukafunga mlango wa roshani kwa ufunguo, ufunguo tukauweka juu ya kabati, na bahari yetu ya kulipia ikabaki nyuma ya kioo.

Sasa fikiria jioni ilivyokuwa. Mtoto analala saa moja na nusu usiku. Taa zote zimezimwa, maana akiona mwanga anasimama kitandani na kuanza hadithi. Televisheni haiwashiki. Roshani imefungwa. Kwenda chini kula ni kumwacha peke yake, jambo ambalo halipo. Baba yake alikaa juu ya kifuniko cha choo, mimi juu ya beseni nililolipindua, mlango wa bafu tumeurudisha, tukala chipsi na kuku kwa minong'ono saa mbili usiku kama watu wanaojificha. Kila mfuko wa karatasi ulipokwaruza tulitazamana.

Na hapo ndipo nilipopiga hesabu ya ile pesa ya kuangalia bahari. Mombasa jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima halisogei sana kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ikifika saa moja ni giza. Yaani muda wote ambao mtoto amelala na wewe una nafasi ya kuitazama bahari, bahari haionekani. Mchana inapoonekana, uko nayo ufuoni, unamzuia asile mchanga. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo nusu ya likizo yako, kama si zaidi, utaipitisha ndani ya chumba chenye giza au mlangoni pake. Lipia mlango, usilipie mandhari.

Asubuhi nilikwenda mapokezi nikaeleza habari ya vyuma. Kijana aliyekuwepo hakubisha. Alisema, "Pole sana mama, mngetuambia mna mtoto mdogo tungewapa cha chini." Tulikuwa tumeandika, tena na umri wake, kwenye fomu ya kuweka nafasi, lakini nikaona hakuna haja ya malumbano. Kabla ya saa sita tulikuwa tumehamia chumba cha chini, nyuma, upande wa bustani. Tofauti ya bei wakaturudishia kwenye bili.

Chumba hicho kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza. Hakina bahari. Lakini kilikuwa na kibaraza cha saruji chenye viti viwili na meza, na mlango wa kioo wenye pazia zito. Mtoto akishalala, unatoka nje, unavuta mlango ubaki upenyo wa vidole viwili, unakaa hatua tatu kutoka kitandani kwake. Unamsikia akigeuka. Unaongea kwa sauti ya kawaida, unakunywa chai, unakuwa mtu tena. Kuanzia siku hiyo tulikuwa na jioni.

Kitanda cha mtoto kiliombwa mapema na kilikuja bila malipo, cha mbao, chenye magurudumu. Funga breki za magurudumu; chetu moja ilikuwa imekufa, ikabidi tukisukume kwenye kona kati ya ukuta na kabati. Godoro lilikuwa jembamba na fupi kidogo kuliko fremu, nikajaza mwanya wa miguuni kwa taulo iliyokunjwa na kukazwa sana. Shida kubwa ilikuwa nyingine: kila alipofumbua macho alituona, na akituona ni mchana kwake. Nilichukua leso, nikaifunga kwa mafundo manne kwenye nondo za upande unaotazama kitanda chetu, nje ya kitanda chake, pale asipofika kuivuta. Upande wa ukuta nikauacha wazi apate hewa. Usiku huo aliamka, akatazama maua ya leso, akalala tena. Sijui kwa nini hoteli hazifikirii pazia dogo kwa vyumba vya familia.

Neti ilikuwa juu ya kitanda kikubwa tu. Pwani hakuna mzaha na mbu, kwa hiyo niliomba ya mtoto wakaleta ile ndogo ya mwavuli. Kuna jambo hapa ambalo wengi hawaulizi: jioni mhudumu hupita na kupuliza dawa ya mbu vyumbani, mara nyingi saa hizohizo unazotaka kumlaza mtoto. Mwambie aje saa tisa, mkiwa nje, kisha mfungue madirisha kabla ya kurudi. Wetu alikubali mara moja na hakusahau hata siku moja. Huyo dada, kama kuna mtu wa kupewa nyota tano, ni yeye. Bafu lilikuwa la mvua ya juu peke yake, na kijana wangu anaogopa maji yanayomwangukia kichwani. Nilipomwambia dada huyo, alirudi na beseni la buluu la kufulia, kalisugua mpaka linang'aa. Ndilo lile nililolikalia usiku wa kwanza, na tulihama nalo.

Mengine ya chumbani nitayapita haraka. Birika la umeme na waya wake liende juu ya kabati siku ya kwanza. Mlango wa bafu unaojifunga kwa kitufe cha ndani, tundika taulo juu yake usifungike kabisa, la sivyo utakuja kuita fundi mtoto akiwa analia ndani. Simu ya mezani ichomoe. Yetu hatukuichomoa, na siku moja tulimkuta ameshika mkono wa simu, mapokezi wanauliza "Tukusaidie nini?", naye anajibu kwa heshima zote, "Maji." Yakaletwa maji.

Pazia lilikuwa zito lakini halikukutana katikati, na alfajiri mwanga uliingia kama kisu mpaka usoni kwake. Vibanio vya nguo vilitatua. Bebeni vibanio, hata sita. Ilitupa karibu saa nzima ya usingizi, maana siku za mwanzo aliamka na adhana ya alfajiri akakataa kulala tena.

Chakula. Kiamsha kinywa sina neno: mahamri, mbaazi za nazi, uji, mayai, matunda. Kijana alikula mbaazi kuliko baba yake. Tatizo ni chakula cha jioni kuanza saa moja usiku, wakati ambao mtoto wa umri huu ameshachoka na kila kitu kinamliza. Hoteli inayosema inakaribisha familia halafu inafungua jikoni saa moja haijakaa na mtoto. Tulizungumza na mpishi wakati wa chakula cha mchana, na kila jioni saa kumi na mbili kasorobo akawa anatutolea sahani ya wali, samaki aliyechambuliwa miiba na mchuzi usio na pilipili. Hakutoza kitu. Sisi tulikula baadaye kibarazani, kwa zamu au tukiletewa. Siku nyingine baba yake alivuka barabara akanunua viazi karai na ukwaju wake, na nikuambie kweli, vilikuwa vitamu kuliko bafe.

Kuhusu ufuo, jueni kwamba bahari ya Bamburi si ileile asubuhi na jioni. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakijaa yanakula karibu ufuo wote, na yakipwa unaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani. Kwa mtoto, wakati mzuri ni maji yakiwa yamekupwa: vinabaki vidimbwi vya kufika magotini mwake, maji ya uvuguvugu, vikaa wanakimbia. Mvalishe viatu, kuna miiba na matumbawe makali. Uliza askari wa ufuoni saa za siku hiyo, anazijua. Agosti pia kusi huleta mwani mwingi mchangani. Mimi haukunisumbua, yeye aliufanya nywele. Saa sita mpaka saa tisa mchana tulikuwa ndani, kiyoyozi kikivuma, mtoto amelala. Mvumo huo ulisaidia pia usiku, maana hoteli ina burudani jukwaani, sarakasi na ngoma mpaka karibu saa nne. Vijana wa sarakasi wa Mombasa wanajua kazi yao, lakini ngoma ile ghorofani ilikuwa inatikisa vioo. Chumba cha nyuma ilisikika kama iko mtaa wa pili.

Ubaya wa chumba cha chini ni tumbili. Wanakuja kibarazani asubuhi na alasiri, na wanajua mtoto ni nani. Mmoja alishuka kutoka kwenye makuti, akakaa juu ya meza, akanyoosha mkono taratibu, na kijana wangu akampa ndizi yake yote kwa hiari. Kisha akalia kwa sababu haikurudishwa. Usimwache mtoto na chakula mkononi nje peke yake hata dakika moja, na mlango wa kioo uwe umefungwa mkitoka. Tulipotaka aone wanyama wasiokwapua, tulikwenda Haller Park, ambayo iko palepale Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Kobe wakubwa wanatembea polepole, mwendo ambao hata mama aliyechoka anaumudu. Fort Jesus, ile ngome ya kale mjini, tulijaribu pia. Ngazi nyingi na kigari hakipiti. Mbebeni mgongoni au mwacheni.

Bei: ulizeni ya wakazi wa Afrika Mashariki, ni nafuu kuliko ile ya kwanza mtakayoiona mkitafuta kwenye intaneti, na mbebe vitambulisho. Mtoto wetu hakulipiwa. Daipa nunueni supamaketi ya nje. Duka la hotelini wanauza kana kwamba zimeshonwa kwa hariri.

Mama mdogo wangu anakaa Kisauni, na alipojua tuko hotelini alinuna. "Shikamoo mama mdogo" yangu aliijibu nusu. Alitaka kujua kama nyumba yake imeungua. Kisha akaja kumwona kijana, anayemwita "mume wangu", akakaa kile kibaraza tangu alasiri mpaka usiku, akamlaza mwenyewe kwa wimbo, na akatuambia twende tukale mezani kama watu. Tulikwenda. Bafe ilikuwa ya kawaida, samaki mkavu kidogo.

Nimeshapiga simu kuulizia chumba kilekile cha nyuma kwa likizo ijayo. Kipo. Vile vitanda vya mtoto wanavyo vichache, wanaoomba mapema ndio wanaopata, na nimewaomba changu kiwe chenye breki nzima.