Hetha za gadeni senta Reading: mmea safi, lebo ovyo

Kwa wenzangu mlioko Uingereza mnaotafuta kitu cha kuweka mlangoni kipindi hiki cha baridi, mmea wenyewe wa hetha (heather, kichaka kifupi cha maua madogo) naupa nyota tano, duka nalipa mbili, tena mbili zenyewe ni za huruma. Ni gadeni senta (duka la mimea) moja kubwa hapa mjini Reading, yenye mkahawa ndani, jina siweki. Hetha wanauza karibu pauni 4 kwa kopo, zimepangwa pale mlangoni, lebo imeandikwa hetha basi, hakuna jina la pili wala udongo gani zinataka, picha tu. Na mezani wamechanganya mimea miwili tofauti kabisa, Calluna na Erica. Nikamuuliza kijana wa pale akasema zote hetha tu, chukua rangi unayopenda. Haya.

Ukifika acha maua kwanza angalia majani. Calluna majani yake madogo mno, milimita 2 au 3 hivi, yamebana kwenye kijiti kwa mistari minne kama nywele zilizosukwa, na inachanua kuanzia Agosti kuelekea Oktoba. Erica majani ni sindano zimesimama mbali na kijiti, kwenye aina inayoitwa Erica carnea nyingi zinatoka nnenne kwa mzunguko. Hiyo Erica carnea ndo ya winter yenyewe, maua hadi Machi Aprili huko, na ukiyasogelea unaona vichwa vyeusivyeusi vya poleni vimechungulia nje ya kikengele. Kuna na chotara wake anaitwa Erica darleyensis, huyo anapanda juu zaidi, anaweza kufika sentimita 60. Mimi nilibeba Kramer's Rote, ni wa huyo chotara, majani kijani cha kuiva, maua zambarau iliyokolea, Januari barafu juu ya gari na yenyewe imechanua tu haina habari, yani nyuki wa kwanza kwanza wote wako kwangu.

Sasa kwa nini naling'ang'ania hili la majani, maji ya Reading yana chokaa, birika zenu mnazijua. Calluna haiwezani na chokaa, majani yanapauka manjano halafu inajifia taratibu, inataka udongo wenye asidi ule wa mifuko ya azalea na maji ya mvua. Carnea na darleyensis zinavumilia. Kwa hiyo mtu ananunua Calluna, anaipanda udongo wa nyumbani, mwakani imekufa, anasema hana mkono wa mimea, kumbe lebo tu.

Halafu kuna zile za bluu na chungwa, jamani ile ni rangi ya kupuliziwa, hetha ya bluu haipo duniani. Machipukizi mapya yakitoka yanatoka na rangi yake ya kawaida unabaki na kichaka cha madoa. Pauni 2 zaidi kwa ajili ya rangi ya kopo, hapana.

Kitu kilichonifurahisha pale ni kona ya nyuma, wana Erica arborea, kwenye lebo wameandika ya Mediterania na ni kweli, ila hata milima yetu Afrika Mashariki ipo, waliopanda Kilimanjaro njia ya Marangu ukishapita kambi ya Mandara unaingia kwenye ukoo huo huo wa Erica, mingine miti kabisa imening'inia ndevu za kijivu. Bei yake ilinikimbiza.

Mkinunua, kopo likiwa jepesi lizamisheni kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, maana mboji yake ikishakauka maji yanapita pembeni tu. Pandeni chini kidogo majani ya chini yaguse udongo. Maua yakiisha punguzeni juu juu kwenye kijani, msikate mpaka kwenye mti mkavu, hapo haichipui tena na duka halirudishi hela.