Maiki ya kupimia sauti sebuleni: kifaa kizuri, duka la ovyo

Kama unataka kununua ile maiki ndogo ya kuchomeka kwenye simu ili upime sauti ya sebule yako, mwambie muuzaji akutumie kwanza picha ya namba ya maiki hiyo, ile ya utambulisho ambayo kila maiki ina yake, namba inayosomeka, kabla hujamtumia hata shilingi. Mimi nimeuziwa maiki ambayo namba yake imekwanguliwa kwa wembe, na nilipouliza nikaambiwa nimpe simu mzee wa nyumba aeleweshwe yeye. Naandika nikiwa bado na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mziki wa nyumba hii ni wangu. Amplifaya nilinunua mimi, spika nilizichagua mimi, sabufa niliisafirisha kwa basi kwa hela yangu. Mume wangu ni mtu wa taarifa ya habari na mpira. Nyumbani kwetu Chikongola, hapa Mtwara, wanaonifahamu wanajua jioni nikishamaliza shughuli nakaa na rekodi za zamani za bendi za dansi, Msondo na Sikinde, na besi ndiyo naisikiliza kuliko kitu chochote.

Sasa hiyo besi ndiyo iliyonitesa. Sebule yetu ni mraba, mita nne kwa mita nne, ukuta wa tofali za saruji, sakafu ya vigae. Makochi yamesogezwa hadi ukutani kama ilivyo kwenye sebule nyingi za huku, katikati kuna meza na kapeti. Mpiga besi akishuka chini, kuna noti moja inavimba mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, halafu zinazofuata zinapotea kabisa. Fundi redio wangu wa sokoni alibadilisha waya, akaifungua sabufa, akaifunga. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu sabufa haikuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye chumba.

Hesabu yake si ngumu. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Wimbi la besi ambalo nusu yake inalingana na urefu wa chumba hugonga ukuta, hurudi, na hujijaza lenyewe. Kwa mita nne, hilo ni wimbi la Hz 43 na nusu hivi, yaani mitetemo 43 na nusu kwa sekunde. Na noti ya Fa ya chini kabisa ya gitaa la besi la kawaida, ile ya kituo cha kwanza kwenye waya mnene, ni Hz 43.65. Kila mpiga besi akiigusa Fa hiyo, sebule yangu inaipokea na kuikuza, tena pande mbili kwa pamoja, kwa kuwa urefu na upana ni sawa. Ukikaa kochini mgongo ukiwa ukutani unapigwa zaidi, maana wimbi linajaa ukutani. Ukisimama pale kwenye meza, unalisikia kidogo sana.

Maiki ya ndani ya simu haitoshi kwa kazi hii. Imetengenezwa kwa mazungumzo, kwa hiyo simu nyingi zinakata mivumo ya chini, na zinapandisha na kushusha sauti zenyewe bila kukuuliza. Android tangu toleo la 7, mwaka 2016, inaruhusu programu kuomba sauti isiyochakachuliwa, ila si kila simu inatii. Hata Sonos, kampuni ya spika, walipotoa Trueplay yao mwaka 2015 ya kupima chumba kwa simu, walianza na vifaa vya Apple tu, kwa kuwa maiki za simu za Android ni za kila namna. Ndiyo maana watu wanatumia maiki ya pembeni, iliyopimwa moja moja kiwandani. Watengenezaji kama Dayton Audio na miniDSP wanakupa namba ya maiki yako, unaiingiza kwenye tovuti yao, unapakua faili la marekebisho ambalo ni la maiki hiyo hiyo uliyoishika mkononi. Faili linaiambia programu kwamba maiki hii inazidisha hapa, inapunguza pale.

Niliagiza kutoka duka moja la Kariakoo. Tangazo lao liliandika wazi kwamba inakuja na namba na faili lake. Mzigo ukapakiwa kwenye basi, nikaufuata stendi ya Mkanaledi. Maiki yenyewe nzuri, nyembamba, inaenea kwenye kidole cha shahada, pini yake ina pete tatu nyeusi. Upande mmoja kuna stika, au niseme mabaki ya stika. Tarakimu mbili za mwanzo zinasomeka. Zilizofuata zimekwanguliwa, na gundi iliyobaki imeshika vumbi, maana yake haikukwanguliwa jana wala juzi. Mtu alikaa chini, akachukua wembe, akaifuta namba hiyo, kisha akairudisha maiki kwenye boksi kama mpya.

Nikapiga simu. Kijana alianza vizuri, shikamoo mama, nikaitikia marahaba. Nikamweleza.

"Mama, hiyo stika haina kazi. Wewe chomeka tu, inashika."

"Najua inashika, mwanangu. Ninachotaka ni namba, nipakue faili lake."

"Faili gani tena? Kwani mziki si unalia?"

Nikamwambia sikununua maiki ya kuimbia, nimenunua ya kupimia. Hapo ndipo akasema, "Basi mama, mpe simu mzee hapo nyumbani nimweleweshe yeye. Haya mambo ni ya kitaalamu kidogo."

Nikamjibu kwamba mzee hahusiki, anayeongea ndiye mwenye mali. Akacheka. Nikamsikia anamwambia mwenzake pembeni, "Kuna mama wa Mtwara huku, anataka namba." Wakacheka wote wawili, simu ikakatwa.

Mwanamke mwenzangu atanielewa. Sikukasirishwa na kuitwa mama, mimi ni mama na marahaba yangu niliitoa kwa moyo. Nilikasirishwa na mtu aliyepokea hela yangu kwa jina langu, halafu akaona sina haki ya kujua nilichonunua mpaka apatikane mwanaume wa kusikiliza. Na huyo "wa Mtwara" ndiye anayejua kazi ya ile namba, yeye aliyeko Kariakoo ndiye asiyejua. Sisi huku kuna kitu tunakijua vizuri kwa ajili ya korosho: mizani isiyo na stika ya Wakala wa Vipimo, mkulima hapandishi gunia lake juu yake, hata iwe inang'aa vipi. Maiki ya kupimia bila namba yake ni mizani hiyo hiyo.

Baada ya kuwasumbua sana wakanitumia faili kwa WhatsApp na maneno mawili, "ndo hilo". Faili hizi ni maandishi tu, mtu yeyote anaweza kulifungua. Nikalifungua. Mstari wa kwanza una namba ya maiki, na tarakimu zake mbili za mwanzo si zile zilizobaki kwenye stika yangu. Wamenitumia faili la maiki ya mtu mwingine. Nikawaandikia, zile tiki mbili zikawa buluu, kimya. Nyota sifuri, na kama kuna chini ya sifuri ningeweka.

Lakini lazima niseme na hili, kwa sababu ni kweli na linanifurahisha kila jioni.

Usiku mmoja nilizima pangaboi, nikasubiri bodaboda zitulie, nikachomeka maiki hiyo hiyo isiyo na namba. Programu ya kwenye simu inapiga sauti inayoanzia mvumo wa Hz 20 na kupanda mpaka mluzi mwembamba wa Hz 20,000, huku maiki inasikiliza. Nikapima sehemu kadhaa kuzunguka ninapokaa, kwa kimo cha sikio. Joto lilikuwa kali bila feni, jasho likinitoka, lakini mchoro ulipotokea nilisahau. Pale pale Hz 43 pana mlima, sauti imezidi kwa desibeli kama 12, kipimo cha nguvu ya sauti. Na karibu Hz 70 pana shimo, sauti inapotea.

Nikapima pia kwa kutumia lile faili la maiki ya mtu mwingine. Kwenye besi mchoro haukusogea kwa kiasi cha kujali, maana maiki za aina hii chini huwa zinafanana. Tofauti iko juu. Karibu na Hz 10,000 mstari ulipinda vibaya, na programu ikapendekeza nikate sauti za juu, yaani fidla na matoazi yangekuwa yamefunikwa blanketi. Hilo ndilo wanalotaka watu wakubali kwa "ndo hilo". Sikukubali. Nikarekebisha chini ya Hz 200 tu, ambako kwenye chumba cha ukubwa huu kuta ndizo zinazotawala.

Mlima nikaukata kwa kisawazishi (ikwalaiza) cha ndani ya simu, ambayo ndiyo ninayopigia mziki. Shimo sikulijaza, na nawaomba na nyinyi msijaze. Kuongeza desibeli 10 kunaitaka amplifaya itoe nguvu mara kumi, na pale sauti inayotoka na inayorudi zinauana hata ukiongeza. Spika yangu ilikuwa mita moja na robo kutoka ukutani. Sauti inaenda na kurudi mita mbili na nusu, ambayo ni nusu ya wimbi la Hz 70, basi zinafutana. Niliisogeza spika karibu na ukuta, shimo likapanda juu na kupungua makali.

Kisha nikaweka dansi. Jamani. Besi ilitembea. Noti baada ya noti, kila moja na mahali pake, ile Fa ikapita kwa adabu kama wenzake. Vioo vya kabati kimya. Nilirudia nyimbo ambazo nimezisikiliza tangu usichana nikasikia mpiga besi akifanya vitu ambavyo sikuwahi kujua anavifanya. Mume wangu alitoka chumbani akauliza kama nimenunua sabufa nyingine.

Kwa hiyo maiki yenyewe naipa nyota nne, na kupima chumba kwa simu nampendekezea kila mwenye sebule ya tofali na sabufa inayovuma, awe Mtwara, Lindi au Masasi. Nilikuwa nimeamua kulipatia duka nyota mbili kwa kuwa mzigo ulifika mzima. Nimeghairi. Nikikumbuka kile kicheko natoa zote. Kwa hela niliyolipa ningepaswa kuwa napima hadi juu, fidla na sauti za waimbaji, na sasa nusu ya kifaa changu haina kazi kwa sababu ya wembe wa mtu. Hata zile nne nashusha ziwe tatu, mpaka hapo nitakapopata namba.

Mkiagiza kwa basi, fungueni boksi pale pale ofisini kabla ya kusaini, mgeuze maiki muone stika. Na wale wa duka, najua mnasoma. Mzee wa nyumba hana la kuwaambia. Nataka namba ya maiki yangu au mnirudishie hela yangu pamoja na nauli ya mzigo.