Baritoni kwenye karaoke: nyimbo za kuchangamsha zilizonikubali

Ukiwa na sauti nzito, karaoke haikusumbui kwenye nyimbo za taratibu. Hizo ziko tele, na Jim Reeves peke yake anaweza kukufikisha hadi baa inafungwa. Shughuli ipo kwenye nyimbo za kuchangamsha. Saa nne usiku watu wameshakula, wameshakunywa, wanataka kusimama, na karibu kila wimbo unaowasimamisha umeimbwa na mtu anayepaa. Ukiubeba kama ulivyo, kiitikio kinakukaba koo mbele ya meza zote.

Ninayoyaandika hapa yametokana na vitu vitatu: programu ya KaraFun kwenye laptopu, spika la karaoke la Kichina nililonunua Kariakoo, na usiku wa karaoke wa Ijumaa kwenye baa moja ya Sinza, Dar es Salaam. Mimi si mwanamuziki wa kulipwa. Naimba kwaya, na kwenye kwaya zetu baritoni, yaani mwanaume ambaye sauti yake iko kati ya tena na besi, hana kiti. Kuna sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mwalimu anakuweka ya nne kwa sababu wanaume wa besi hawatoshi, kisha Pasaka ikikaribia anakuhamishia ya tatu kwa sababu watena nao wamepungua. Ya nne, zile nota za chini kabisa zinatoka bila nguvu. Ya tatu, tukifika ukurasa wa mwisho shingo imeshakaza.

Kwa lugha ya piano, baritoni wa kawaida anatembea kuanzia A ya pili (A2) hadi A ya nne (A4), ila hiyo A ya juu ni ya kugusa na kushuka. Pa kukaa ni C ya kati, pamoja na D na E zinazoifuata. Kiitikio kikikaa hapo, unaimba huku unacheka na watu. Kikikaa juu ya hapo, unapiga kelele. Kwa hiyo siku hizi wimbo nausikiliza kuanzia kiitikio, ubeti baadaye, na sisikilizi nimekaa: nasimama, naimba kwa sauti ile ile nitakayoitumia ukumbini. Nikijikuta nainua kidevu kwenye kiitikio cha pili, basi wimbo huo kwa ki hiyo (key, kimo ulichopangiwa wimbo) si wangu, hata kama cha kwanza kilipita.

Hapo ndipo KaraFun ilipopata hela yangu. Ni programu ya Kifaransa yenye makumi ya maelfu ya nyimbo, na kila wimbo una kitufe cha kushusha au kupandisha ki kwa nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya piano, na kingine cha kasi. Viwili hivi havigusani. Unashusha ki, mdundo unabaki na mwendo wake. Sisi tuliokua na redio kaseti tunakumbuka betri zikiisha: wimbo ulishuka na kupungua kasi kwa mpigo, kila mwimbaji akageuka besi na kila sebene likawa la msibani. Tena unaweza kuzima sauti ya mwimbaji mkuu ukaziacha za waitikiaji. Kwa nyimbo za kuchangamsha ziache. Wale waitikiaji ndio wanaokupa sekunde mbili za kuvuta pumzi wakati wimbo unaendelea kuchemka.

Wapo wanaoona kushusha ki ni kudanganya. Wakamuulize Daisuke Inoue, mwanamuziki wa baa za Kobe, Japani, aliyetengeneza mashine yake ya karaoke mwaka 1971. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mteja wake mmoja, mkuu wa kampuni ndogo, alikuwa anakwenda kukutana na watu wa biashara mji mwingine na alijua ataombwa kuimba. Akamwomba Inoue amrekodie muziki wa kwenda nao, kwa sababu Inoue ndiye aliyejua kumpigia kwa namna inayoikubali sauti yake. Muziki ulikuwa unamfuata mwimbaji tangu siku ya kwanza.

Kushusha kuna gharama yake, lakini, na hili sijaliona likisemwa vya kutosha. Ukishusha nusu toni tatu au nne ili kiitikio kikae vizuri, ubeti nao unashuka. Nyumbani unajisikia mtamu. Baa, penye feni, chupa na watu wanaopiga stori, ubeti haupo kabisa. Wanaona midomo inacheza tu. Mimi nusu toni mbili natumia bila kufikiri, ya tatu nafikiri, ya nne natafuta wimbo mwingine. Kuna na wale wanaoamua kushuka oktavu nzima: wimbo wa kijana wa Bongo Fleva anayelia juu, wao wanauimba chini kabisa, wananguruma. Mdundo ni wa harusi, sauti ni ya mzee anayesoma wosia. Usifanye.

Kilichonisaidia zaidi ni kuacha kudhani kwamba wimbo unachangamka kwa sababu unapanda. Nyingi zinachangamka kwa mdundo, kwa vyombo, na kwa maneno yanayopishana na watu. Hizo ndizo zetu.

Orodha za mtandaoni za baritoni zimeandikwa kwa ajili ya baa za Marekani na Uingereza. Neil Diamond na Sweet Caroline yake ya 1969, sawa, sauti ni ile ile yetu, na kule uwanja mzima wa mpira unaitikia. Sinza utaitikiwa na feni. Johnny Cash ana nafuu: Ring of Fire ya 1963 haina mlima wowote, matarumbeta yanafanya kazi yote ya kuchangamsha na wewe unatamka tu. Kenny Rogers ndiye salama kuliko wote, kwa sababu huku kwetu kantri ina wazee wake na vijana wake, na kiitikio cha The Gambler ya 1978 kila meza inacho. Ila uangalie kitu kimoja. Katikati ya wimbo ule ki inapanda nusu toni. Ukipima kwa ubeti wa kwanza utaona uko salama, mwisho unakuta ngazi imeongezwa. Pimia sehemu ya mwisho, ndipo uamue unashusha kiasi gani.

Rick Astley alinidanganya zaidi ya hapo. Never Gonna Give You Up ya 1987 inapendekezwa kila mahali kwa watu wa sauti nzito, na kweli ubeti ule umekaa kama umeshonewa baritoni. Kasi yake, mapigo kama 113 kwa dakika, inamwinua hata bibi harusi aliyevua viatu. Lakini ndani ya kiitikio kuna mruko mmoja mkali, na unarudi kila kiitikio kinaporudi. Nusu toni mbili chini ndipo tukaelewana.

Barry White, You're the First, the Last, My Everything ya 1974, nauweka kwa sababu unaanza kwa kuzungumza. Yale maneno ya mwanzo, maiki ikiwa karibu na mdomo, yanakupa ukumbi kabla hujaimba nota hata moja. Cha kushangaza, wimbo huu uliandikwa kama kantri na ukakaa zaidi ya miaka 20 bila kurekodiwa kabla ya Barry White kuugeuza disko.

Ukiwa na dada wawili mezani wasioona aibu, chukueni Daddy Cool ya Boney M. ya 1976. Ile sauti nzito ya kiume mnayoisikia kwenye rekodi si ya Bobby Farrell aliyekuwa akirukaruka jukwaani. Ni ya mtayarishaji wao, Frank Farian, akiwa studio. Kazi yako ni maneno machache ya chini, wakati dada zako wanabeba mengine. Ni uimbaji wa kivivu, na unapigiwa makofi kuliko aliyehangaika na Whitney Houston.

Boney M. hao hao waliurudia Jambo Bwana mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya Them Mushrooms wa Mombasa kuutoa. Najua wengi mmeuchoka, mnasema ni wimbo wa watalii. Kwa karaoke ni dawa. Melodia yake haipandi popote, unasalimia na ukumbi unajibu, na hata asiyejua Kiswahili anashika nusu yake kabla haujaisha. Mimi ndio naufungulia.

Sasa Sina Makosa ya Les Wanyika. Bendi ile iliundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, Watanzania na Wakenya pamoja, na anayeimba pale mbele, Issa Juma, ana sauti nzito yenye mkwaruzo. Kwa hiyo hushushi kitu. Unaimba pale alipoimbia yeye, jambo ambalo baritoni halimpati mara nyingi. Mdundo hauna haraka, lakini lile gitaa la solo halimwachi mtu kwenye kiti. Wazee wanainuka wa kwanza, vijana wanafuata wakiwarekodi kwa simu. Shida yake ni urefu. Baada ya maneno kwisha gitaa linaendelea na safari yake, na wewe umesimama na maiki huna la kufanya. Mwambie DJ mapema akutolee taratibu pale, au shuka ucheze, usibaki umeganda.

Kwenye rap ndiko baritoni wengi hawaendi, na hapo wanajipunja. Ndio Mzee ya Professor Jay ya mwaka 2001 ni mgombea anayemwaga ahadi na wananchi wanaomwitikia. Sauti nzito ndiyo hasa inayotakiwa, maana mgombea mwenye sauti nyembamba nani atamwamini? Unaweka mkono mfukoni, unamwaga ahadi, ukumbi wote unajibu. Hakuna nota ya kuogopa, kuna pumzi tu: zile ahadi zimebanana, na usipojua pa kuvutia hewa utaishia njiani. Mimi navuta pale watu wanapojibu. Kionjo ni kwamba mwenyewe baadaye aligombea kweli, akawa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, kwa hiyo kila ukiimba kuna mtu wa kulikumbusha hilo kwa sauti.

Tatizo ni kwamba nyimbo hizi za kwetu ni chache mno kwenye maktaba za karaoke za nje. YouTube utapata biti tupu za baadhi, bila maneno yanayopita chini. Za zamani nimekuwa nikizipitisha kwenye Moises, programu inayotenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo, na yenyewe pia inakuruhusu kubadilisha ki. Rekodi za miaka hiyo, ambazo sauti na magitaa vimeganda pamoja, haziachani kabisa. Kivuli cha mwimbaji kinabaki nyuma. Ukumbini hakisikiki, na ukisahau mstari kinakukumbusha. Maneno nayaandika kwa herufi kubwa kwenye simu.

Spika la Kariakoo sitalitaja jina, maana yapo ya aina hiyo hiyo yenye majina kumi tofauti. Linakuja na maiki mbili zisizo na waya na taa za rangi ambazo mtoto wangu anaziona ndiyo sababu ya kulinunua. Muuzaji anakuonyesha likiwa na eko (mwangwi) hadi mwisho, kwa sababu eko humfanya kila mtu aonekane mwimbaji. Kwa sauti nzito kwenye wimbo wa haraka eko hiyo ni sumu: neno la kwanza bado linazunguka, la tatu limeshatoka, wanasikia ngurumo. Ishushe hadi karibu robo. Besi ya maiki nayo punguza, trebo (zile sauti nyembamba) ongeza kidogo, maneno yanakatika vizuri. Halafu jifunze kuicheza maiki: ukiisogeza karibu na midomo inaongeza uzito, ukiitenga unapungua. Kwenye ubeti wa chini naisogeza, kwenye kiitikio naitenga kama upana wa kiganja. Muziki utoe kwenye laptopu kwa waya badala ya bluetooth. Langu kwa bluetooth lilikuwa linachelewa, maneno kwenye kioo yanatangulia mlio, na kwa wimbo wa kasi ukishapotea hurudi.

Baa ndiko kugumu. DJ wa pale Sinza anacheza moja kwa moja kutoka YouTube, na nilipomwomba anishushie mbili akanijibu, "Kaka, imba kama ilivyo, watu wanasubiri." Anayo foleni, simlaumu sana, ila kwa shilingi zinazolipwa kwenye bia pale angeweza kuwa na programu ya kubadili ki. Njia ya kumzunguka ni kumpelekea kiungo chako mwenyewe: ukiandika jina la wimbo na kuongeza "lower key karaoke" mara nyingi linatokea toleo lililokwisha kushushwa. Nayahifadhi kwenye simu, namtumia kwa WhatsApp, anabonyeza tu. Na muda wa kuomba ni mapema, kabla foleni haijafika mlangoni.

Hela yangu kwa KaraFun naiona imefanya kazi, hasa kwa hicho kitufe na kwa waitikiaji. Lakini silipii mwaka mzima. Nalipia Desemba, ambapo kila wikiendi kuna kitchen party, send-off au ndugu kutoka mkoani, na spika halipumziki. Januari nasitisha, kuna ada za shule.